Lenzi za siku moja, za wiki mbili au za mwezi: ipi imfaayo mvaaji wa Amu?

Katika nyumba zetu za kale hapa Amu, yaani Lamu, birika la maji huwekwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu, na chini yake hupachikwa bakuli la kaure ambamo samaki hao hukimbilia maji yanapopungua. Maji ya birika hilo yametutosha kwa udhu na kuoga tangu enzi za wazee wetu, na sina neno baya la kuyasema. Hata hivyo, kwa mtu anayetaka kuvaa lenzi za macho badala ya miwani, birika ndilo jambo la kwanza la kufikiriwa, kabla hata hajauliza bei, kwa kuwa maji yasiyodhuru mkono wala uso yanaweza kulidhuru vibaya jicho lililofunikwa na lenzi. Ndiyo maana ulinganisho huu nauanza na maji, kisha ndipo nitakapofika kwenye hewa, upepo na fedha.

Ninazolinganisha ni lenzi laini za kutupwa, zile ambazo mtu huvaa asubuhi na kuzivua usiku, nazo ziko za namna tatu. Lenzi ya siku moja hutolewa kwenye kifungashio chake kidogo chenye maji safi ya chumvi, huvaliwa mara moja tu, na jioni hutupwa. Haioshwi wala haihifadhiwi. Lenzi ya wiki mbili na lenzi ya mwezi huvuliwa kila usiku, zikasuguliwa kwa dawa yake, zikalazwa ndani ya kijaluba chenye dawa mpya, kisha zikavaliwa tena asubuhi mpaka muda wake utimie. Muda huo, na hapa ndipo wengi wanapokosea, huhesabiwa tangu siku lenzi ilipofunguliwa, si kwa idadi ya siku ilizovaliwa. Aliyefungua lenzi ya wiki mbili akaivaa mara tatu tu, siku ya 14 ikifika bado itampasa kuitupa.

Maji, kijaluba na udhu

Kuna amiba asiyeonekana kwa macho, aitwaye akanthamiba, ambaye huishi katika maji ya mfereji, ya kisima na ya bahari, na hata katika udongo. Wengi wetu tumekwisha kukutana naye bila kujua na bila kudhurika. Lakini akinaswa kati ya lenzi na konea, yaani ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, na konea hiyo ikawa na mkwaruzo hata mdogo, hujichimbia humo na kuleta ugonjwa wenye maumivu makali, ambao tiba yake huchukua miezi na mara nyingine huacha kovu linalozuia kuona. Ugumu wake ni kwamba akibanwa hujifungia ndani ya ganda, na ganda hilo hustahimili dawa nyingi. Kwa hiyo lenzi haioshwi kwa maji ya birika, wala ya mfereji, wala yaliyochemshwa, wala ya chupa ya kunywa, na kuilowesha kwa mate ni hatari ya namna yake.

Sisi hutawadha mara tano kwa siku, na uso hupitiwa na maji kila mara. Sheria ya udhu haimtaki mtu aingize maji ndani ya macho, basi kuyafumba vizuri wakati wa kuosha uso hakupunguzi kitu katika ibada. Nimejizoesha kuyafumba, kujipangusa kope kwa kitambaa safi, kisha ndipo niyafumbue. Lenzi zenyewe huzivaa baada ya udhu wa alfajiri, mikono ikiwa imeoshwa kwa sabuni na kukaushwa kabisa, maana tone moja la maji lililobaki kwenye ncha ya kidole huenda moja kwa moja kwenye lenzi.

Katika jambo hili lenzi ya siku moja inazishinda zile mbili kwa mbali. Haina kijaluba kinachokaa bafuni penye unyevu, haina dawa inayozeeka, na kila asubuhi jicho hupata kitu kipya. Kijaluba, kinyume chake, ni mtihani wa kila siku. Inapasa kumwaga dawa yote ya jana, kukisugua kwa kidole na dawa mpya, kukipangusa kwa karatasi laini safi na kukiacha kifudifudi kikauke, na kukibadilisha angalau kila baada ya miezi 3. Ukikipitisha kidole ndani kabla ya kukisugua utahisi utelezi mwembamba kama ule wa jiwe la ufukweni. Utelezi huo ni bakteria waliojijengea makazi, na dawa inayomiminwa juu yake bila kusugua haiwafikii wote.

Dawa yenyewe si ngao kamili. Mwaka 2006 kampuni ya Bausch & Lomb iliondoa sokoni duniani kote dawa yake ya ReNu with MoistureLoc baada ya wavaaji wa lenzi kupata maambukizi ya kuvu aina ya Fusarium kwenye konea, na mwaka uliofuata dawa nyingine, Complete MoisturePlus ya kampuni ya AMO, ikaondolewa kwa sababu ya akanthamiba. Siyasemi haya ili kumtisha mtu na dawa zilizopo leo. Nayasema kwa sababu mtu anayechagua lenzi ya mwezi anachagua pia chupa, kijaluba na tabia ya kila usiku, na vyote vitatu lazima viwe sawasawa.

Anayeamua kuvaa ya mwezi, ningemshauri aulizie dawa ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ambayo husafisha kwa nguvu zaidi na haina vihifadhi vya kuwasha macho. Huja na kikopo chake maalumu chenye kipande kilichopakwa platinamu, ambacho hubadilisha dawa hiyo polepole kuwa maji ya chumvi na oksijeni, kazi inayohitaji saa 6 kamili. Mdomo wa chupa hutiwa rangi nyekundu kuwa onyo: dawa hiyo ikiingia jichoni kabla ya kutulizwa huchoma vikali mno. Mwenye nyumba ya watu wengi, ambamo mtoto au mgeni anaweza kuidhania chupa hiyo kuwa maji ya kudondoshea macho, na alifikirie hilo kabla ya kuinunua.

Mimi mwenyewe nilivaa lenzi za mwezi kwa miaka kadhaa, na nilikuwa mwangalifu kwa kiasi nilichodhani kinatosha. Mwaka mmoja, siku za mitihani shuleni, nilichelewa kuagiza pakiti mpya nikaendelea na zile za zamani hadi siku ya arubaini na kitu, huku nikiongeza dawa juu ya iliyobaki badala ya kuimwaga. Asubuhi moja jicho la kulia liliamka jekundu, likitoa machozi na kuukimbia mwanga hata wa dirishani. Nilivuka kwa mashua hadi Mokowe na kupanda basi la kwenda Malindi, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, nikiwa nimejifunika ushungi usoni kwa sababu ya jua. Kilikuwa kidonda cha konea kilichokuwa kinaanza. Nilitia dawa kila saa, usiku na mchana, kwa siku mbili za kwanza, nacho kikapona, kikaacha alama ndogo kama kiwingu ambayo daktari huiona kila anaponipima. Aliye karibu na hospitali kubwa ya macho hupoteza saa moja kufika huko. Sisi hupoteza siku, na kwa kidonda cha konea siku moja ni nyingi. Kwa mtu wa kisiwani, umbali huo unapaswa kuingizwa katika bei.

Hewa, upepo na mata ya lenzi

Konea haina mishipa ya damu; hewa yake huipata moja kwa moja kutoka nje, na lenzi huja kukaa katikati. Lenzi za zamani, ambazo mata yake (yaani kitu zilichotengenezwa nacho) ni haidrojeli, plastiki laini inayonyonya maji, hupitisha hewa kwa njia ya maji yaliyomo ndani yake. Zile za silikoni haidrojeli, zilizoingia sokoni mwaka 1999, hupitisha hewa kwa njia ya silikoni yenyewe, na tofauti yake ni kubwa. Acuvue Moist ya siku moja, ambayo ni haidrojeli yenye maji asilimia 58, ina kipimo cha upitishaji hewa cha takribani 25, ilhali Acuvue Oasys ya wiki mbili yenye maji asilimia 38 ina 147, na Biofinity ya mwezi yenye maji asilimia 48 ina 160. Kwa muda mrefu hoja hii iliipa lenzi ya mwezi ushindi. Siku hizi zipo za siku moja zilizo za silikoni pia, mfano Dailies Total1, ambayo kiini chake kina maji asilimia 33 na uso wake zaidi ya asilimia 80, na upitishaji wake ni 156. Kwa hiyo anayevaa lenzi kutwa nzima asikubali kuuziwa neno «siku moja» pekee. Aulize mata yake ni nini.

Maji mengi ndani ya lenzi hayamaanishi kwamba jicho litakaa na unyevu. Lenzi laini yenye maji mengi, ikipigwa na upepo mkavu, huyapoteza maji hayo na kuyatafuta tena kwenye machozi ya mvaaji. Msimu wa kaskazi, upepo unapovuma siku nzima na vumbi la vichochoro kuinuka kwa kwato za punda, nimeona lenzi za silikoni zikinivumilia hadi magharibi, ilhali zile za haidrojeli zilianza kunikwaruza mara baada ya adhuhuri. Macho ya watu hayafanani, hivyo mpima macho aombwe jozi za kujaribia za namna mbili, nazo zijaribiwe katika upepo, si dukani.

Kwa upande wa kushikika, lenzi nyembamba za siku moja hukunjamana kidoleni na kumchosha anayejifunza, na zile za mwezi huwa na umbo imara kidogo. Iweke lenzi kwenye ncha ya kidole cha shahada, uitazame kwa ubavu: ikisimama kama bakuli iko sawa, midomo yake ikifunguka nje kama sahani imegeuka. Acuvue huandikwa alama ndogo ya 123 ambayo husomeka sawasawa pale tu lenzi isipogeuka, jambo linaloondoa shaka asubuhi penye mwanga hafifu.

Fedha

Bei hubadilika, basi nitatoa hesabu ambayo kila mtu ataijazia bei aliyoikuta. Anayevaa kila siku ya mwaka hutumia lenzi 730 za siku moja, yaani pakiti 24 za lenzi 30 na ziada ya lenzi 10. Za wiki mbili atahitaji 52, ambazo ni pakiti 9 za lenzi 6, na za mwezi 24, pakiti 4 tu. Kama macho yana nambari tofauti za nguvu ya lenzi, na ya wengi ndivyo yalivyo, kila jicho lina pakiti yake, na hesabu hupanda kidogo. Juu ya zile mbili za mwisho huongezwa dawa ya mwaka mzima na vijaluba visivyopungua 4. Kwa mvaaji wa kila siku, ya mwezi kwa kawaida ndiyo nafuu, na sitajaribu kulificha hilo.

Hesabu hugeuka kwa asiyevaa kila siku. Anayevaa siku 2 kwa wiki, tuseme Ijumaa na siku ya safari, atatumia lenzi 208 za siku moja kwa mwaka, ambazo hutoka katika pakiti 7. Lakini akichagua za mwezi, bado atatupa lenzi 24 zilezile, na chupa ya dawa iliyofunguliwa itampasa aitupe muda wake ukiisha, ambao kwa dawa nyingi ni siku 90, hata kama imejaa nusu. Ili kuujua mpaka wako, jumlisha pakiti 4 za mwezi, dawa na vijaluba vya mwaka, kisha gawanya jumla hiyo kwa bei ya jozi moja ya siku moja. Jibu ni idadi ya siku ambazo ukizivuka, ya mwezi ndiyo nafuu.

Ya wiki mbili imekaa katikati kwa bei na kwa mata, nami sioni sababu ya mtu wa hapa kuichagua, isipokuwa yule ambaye lenzi zake hushikwa na ukungu wa utando wa machozi kabla mwezi haujaisha. Tatizo lake ni kumbukumbu. Siku 14 hazina alama katika kalenda yoyote tuliyoizoea, na nimewaona watu wakiifikisha wiki tatu, nne, bila hata nia ya kubana matumizi. Ya mwezi ina afadhali katika hilo: ikifunguliwa usiku wa mwezi kuandama, hutupwa mwezi mwingine unapoandama, nazo ni siku 29 au 30 zisizosahaulika.

Lenzi na watu wake

Mdogo wangu ni nahodha wa mashua inayowapeleka wageni Manda Toto na Kipungani. Miwani kwake haifai, kwa kuwa rasharasha za chumvi huigubika kioo kabla hawajatoka nje ya mkondo. Kwake nilisisitiza lenzi ya siku moja bila kusita: wimbi likimpiga usoni, huvua, hutupa, hukausha mikono na kuvaa jozi nyingine aliyonayo kwenye mfuko usiopitisha maji. Angekuwa na lenzi ya mwezi yenye umri wa siku tano tu, moyo ungemzuia kuitupa, na jicho lingebaki na maji ya bahari hadi jioni. Kitu kilicho rahisi kutupwa hutupwa, na usalama wa nahodha umo katika wepesi huo. Akiogelea huzivua kabisa. Anavaa pia miwani ya jua, kwani hata lenzi zinazozuia miale ya jua hufunika konea peke yake na kuiacha sehemu kubwa ya jicho wazi.

Mwenye astigimatizimu, yaani konea isiyo mviringo sawasawa, ambayo huyafanya maandishi yawe na kivuli, huhitaji lenzi ya toriki, ambayo hupaswa kutulia bila kuzunguka. Zipo za siku moja, lakini nambari kali hupatikana zaidi katika za mwezi, na hapo huenda uchaguzi ukawa umeshafanywa na macho yenyewe.

Jambo linalonihuzunisha zaidi ni lenzi za rangi za harusini. Binti huzinunua bila kupimwa kwa sababu hazina nambari, huvaa usiku wa kutolewa nje, kisha humwazima binamu yake kesho yake. Lenzi isiyo na nambari hukaa juu ya konea ileile, inahitaji kupimwa mkunjo na upana uleule, na ikishavaliwa na mtu mmoja haifai tena kwa mwingine. Atakaye rangi na apimwe, apewe za siku moja, azivae kabla ya kupaka wanja, na azivue kabla ya kujipangusa uso. Wakati wa kujifukiza udi afumbe macho, kwa maana moshi hukaa kwenye lenzi na kuwasha hadi itakapovuliwa.

Usingizi ni jambo jingine ambalo namna zote tatu haziruhusu kwa mvaaji wa kawaida. Utafiti uliofanywa New England, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1989, ulipata vidonda vya konea kwa watu takribani 4 katika kila 10,000 kwa mwaka miongoni mwa waliovua lenzi laini kila usiku, na takribani 21 miongoni mwa waliolala nazo. Kujinyoosha barazani baada ya adhuhuri ni usingizi pia. Mwenye mazoea hayo atazamie kuvua lenzi mchana, na kama ni za mwezi, awe na kijaluba na dawa karibu. Mwenye za siku moja atatupa jozi na kuvaa nyingine jioni, au atamalizia siku kwa miwani, kama nifanyavyo mimi.

Nambari ya miwani haihamishwi kwenye lenzi kama ilivyo. Miwani hukaa kama milimita 12 mbele ya jicho, na kuanzia nambari 4 tofauti huanza kuonekana: anayevaa miwani ya -6.00 huhitaji lenzi ya takribani -5.50. Anayesafiri Malindi au Mombasa kwa ajili ya kupimwa arudi na karatasi yenye nambari, mkunjo na upana wa lenzi, akague tarehe ya mwisho kwenye kila pakiti, na achukue za miezi kadhaa, kwa kuwa anayeishiwa kisiwani ndiye anayezidisha siku.

Mimi sasa navaa za siku moja za silikoni siku za shule, na miwani siku zilizobaki. Ni ghali kuliko nilivyokuwa nikilipa, na nimepunguza matumizi mengine ili nizimudu. Jirani yangu anavaa za mwezi kwa peroksaidi mwaka wa nne, hana tone la maji karibu na kikopo chake, na sina sababu ya kumtaka abadili. Sote wawili tumekubaliana jambo moja la kufanya jicho likiwa jekundu, likiuma au likiukimbia mwanga: lenzi hutoka saa hiyohiyo na hairudishwi, lakini haitupwi. Hutiwa kwenye kijaluba na kufungwa, ikapelekwa pamoja na chupa ya dawa hadi kwa daktari wa macho kwa mashua ya kwanza, ili maabara ipate cha kupima.